Mashini inayojifunza kuona kansere: mama, usiingoje, ukuje kupimwa



Kwenye baraza ya kliniki, wakati munangoja kupima kilo za watoto, munaongea mambo mingi. Siku hizi tunasikia na neno hili: «Kule mbali wametengeneza mashini yenye akili. Inaangalia foto tu, halafu inajua kama mutu ana kansere.» Mama mumoja anajibu: «Basi mimi nitaingoja ile mashini. Kupimwa na watu kunanipa haya.» Mwingine anasema: «Mimi sitaki hata kuiona. Itapiga foto ya mwili wangu na kuituma kwa watu nisiowajua.»

Hatuwacheki hawa wamama wawili. Kila mumoja ana sababu yake. Lakini wote wawili wanabaki nyumbani, na kubaki nyumbani ndiko kunaua. Kwa hiyo tunataka kuwaelezea vizuri: ile mashini ni nini, inajifunza namna gani, inaweza nini, na haiwezi nini. Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umusomee.

1. KANSERE YA MULANGO WA KIZAZI NI NINI?

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Kila chembe ina kazi yake na inafuata mupango wa mwili. Kansere ni chembe zilizoacha kusikia. Zinaongezeka bila mupango, sawa majani mabaya katika shamba la mahindi, mpaka zinanyonga zile nzuri.

Katika wanamuke, kansere inapenda kushika pahali pawili: ziwa, na mulango wa kizazi, ni kusema shingo ya tumbo la uzazi, pale mutoto anapopita wakati wa kuzaliwa. Hapa tutasema zaidi juu ya mulango wa kizazi.

Karibu kila mara kansere hii inaletwa na kijidudu kinachoitwa HPV. Kinapita wakati mwanamume na mwanamuke wanalala pamoja. Watu wengi sana wanakipata katika maisha yao, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa hiyo usimushitaki bwana wako, na yeye asikushitaki wewe. Lakini kwa wamama wamoja kijidudu kinabaki, na kinaharibu polepole. Mara nyingi inapita miaka 15 mpaka 20 mbele ya kansere kutokea. Kwa mama mwenye virusi vya ukimwi asiyekunywa dawa, inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 tu.

Katika miaka hiyo yote mama hasikii kitu. Hakuna maumivu, hakuna damu. Analima, anabeba maji, anazaa, anasema: «Mimi niko muzima.» Hii ndiyo hatari ya ugonjwa huu. Lakini ni bahati yetu pia, kwa sababu tuna miaka mingi ya kuuona na kuuondoa mbele haujawa kansere.

Mwaka 2022, katika dunia yote, wanamuke karibu 660,000 walipata kansere hii, na karibu 350,000 walikufa nayo. Kati ya kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa inchi za maskini na za katikati. Hapana kwa sababu wamama wa inchi za utajiri wana mwili mwingine. Wengi wao wanapimwa mbele. Wengi wetu tunakuja nyuma, wakati damu inatoka na harufu imeanza.

2. TUNAPIMA NAMNA GANI?

Njia moja ni ya siki, wengine wanaiita vinegre. Muuguzi anapaka siki ile iliyopimwa vizuri kwenye mulango wa kizazi, anangoja dakika moja, kisha anaangalia kwa taa. Pahali palipoharibika mara nyingi panageuka peupe. Kama ni padogo, anaweza kupaunguza kwa baridi kali ao kwa moto, mara nyingi siku ileile, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Njia nyingine ni kutafuta kile kijidudu HPV. Wanatumia kijiti chenye pamba ao buroshi ndogo. Mahali pengi mama mwenyewe anaweza kujipima nacho pasipo mutu kumuangalia, kisha kinapelekwa labo.

Siki ni njia nzuri na ya bei ndogo. Lakini ina shida moja: si kila peupe ni hatari. Kidonda kinachopona kinaweza kuwa cheupe. Ugonjwa mwingine wa mulango wa kizazi unaweza pia. Muuguzi mumoja anaangalia anasema: «Ni mbaya.» Mwingine anaangalia mama yuleyule, anasema: «Hakuna kitu.» Wote wawili wamesoma, wote wawili wanapenda kazi yao, lakini macho ya watu hayafanane.

Ni hapo watu wa elimu waliuliza: je, mashini inaweza kusaidia jicho la muuguzi?

3. MASHINI INAJIFUNZA NAMNA GANI?

Kumbuka namna ulivyojifunza kuchagua uyoga. Wakati wa mvua mama yako alikupeleka pori. Hakukupa kitabu. Alikuonyesha mumoja mumoja: «Huu tunakula. Huu unaua.» Uliokota, ulikosea, alikupiga mukono kidogo, ulitupa, uliokota tena. Nyuma ya misimu mingi jicho lako lilijua. Leo ukiulizwa: «Umejua namna gani?», labda huwezi kueleza vizuri. Umejua tu, kwa sababu umeona mingi.

Ordinatere inafundishwa vilevile. Watu wa universite wanaipa foto elfu na elfu. Kwenye kila foto wanaandika jibu: «Mama huyu alibaki muzima. Mama huyu aligonjwa.» Ordinatere inajaribu kusema jibu, inakosea, inarekebishwa, inajaribu tena, mara nyingi kupita hesabu ya mutu. Mwishoni wanaionyesha foto ambayo haijaiona hata siku moja, na inasema: «Hii inafanana na za wale waliogonjwa.» Hiyo ndiyo wanaita akili bandia, ni kusema akili ya kutengenezwa. Na kazi ya kukusanya fishi na foto, kuzisafisha, kuzipanga na kuzihesabu ili zitoe mafundisho, wanaiita elimu ya data. Data ni habari zilizoandikwa juu ya watu.

Mashini haina roho. Haijui jina lako, haijui una watoto wangapi. Inalinganisha tu. Na haiwezi kujua kitu ambacho watu hawakuifundisha.

4. WAMAMA WA GUANACASTE

Sasa sikiliza habari ya kweli. Katika Amerika ya Kati iko inchi ndogo inayoitwa Costa Rica, na ndani yake jimbo la Guanacaste. Kuanzia mwaka 1993, wamama zaidi ya 9,400 wa kule walikubali kupimwa. Wanganga wa Costa Rica walifanya kazi hiyo pamoja na Taasisi ya Taifa ya Kansere ya Marekani. Walipiga foto ya mulango wa kizazi wa kila mama kwa kamera ya namna ya pekee. Waliandika fishi. Na wale wamama walirudi kupimwa tena na tena, wengine mpaka miaka 7. Kwa hiyo wanganga walijua mwisho wa habari ya kila mumoja: nani alibaki muzima, na nani alipata kidonda kinachoelekea kansere.

Wakati ule hawakukusanya foto hizo kwa kufundisha ordinatere. Ziliwekwa, miaka ikapita. Kisha watafuta-elimu walizichukua na kuzitumia kufundisha ordinatere, na mwanzoni mwa mwaka 2019 wakatangaza waliyoyaona. Tuseme hivi: unachukua foto mbili, moja ya mama mwenye kidonda cha hatari, moja ya mama asiye nacho, na unauliza: «Mugonjwa ni yupi?» Mara 100 ukiuliza, mashini ilijibu vizuri karibu mara 91. Watu wenye ujuzi walioangalia foto zilezile: karibu mara 69. Kipimo cha zamani cha labo, kile cha kukwangua chembe na kuziangalia kwa mikroskopi: karibu mara 71.

Mashini ilipata akili hiyo wapi? Kwa wale wamama waliorudi. Foto bila mwisho wa habari ni sawa uyoga bila mama wa kusema «huu unaua.» Kama wamama wa Guanacaste wangepimwa mara moja tu na kupotea, au kama fishi zao zingelowa mvua na kutupwa, ordinatere haingejifunza kitu.

Kwa kansere ya ziwa vilevile. Katika Sweden, inchi ya kaskazini ya Ulaya, Universite ya Lund iliongoza kazi kubwa juu ya foto za radio za maziwa. Kule kwa desturi wanganga wawili wanasoma kila foto. Walipanga wamama zaidi ya 80,000 katika makundi mawili: kundi moja lilisomwa na wanganga wawili, kundi lingine lilisomwa na munganga akisaidiwa na mashini. Mwaka 2023 walitangaza: kwa msaada wa mashini walipata kansere kwa wamama 6 kati ya 1,000, na bila mashini 5 kati ya 1,000. Na kazi ya kusoma foto ilipunguka kwa 44 kwa mia. Angalia vizuri: hawakuondoa munganga. Walimupa musaidizi.

5. MASHINI INADANGANYIKA PIA

Tusiwadanganye. Mutoto aliyejifunza uyoga huku, ukimupeleka jimbo lingine penye uyoga wa namna nyingine, anaweza kuokota sumu. Na kama mama yake alikuwa akiweka uyoga mubaya siku zote katika kikapu cheusi, mutoto anaweza kujifunza kikapu, asijifunze uyoga.

Mambo hayo mawili yametokea kwa mashini.

La kwanza ni la kikapu. Kwenye Universite ya Stanford, katika Marekani, walifundisha ordinatere kuona kansere ya ngozi, na mwaka 2017 walitangaza kwamba inashindana na wanganga wa ngozi. Lakini nyuma yake watafuta-elimu wa palepale waliona kitu cha kushangaza. Munganga akiogopa kidonda, anaweka rula kando yake ili kukipima, kisha anapiga foto. Kwa hiyo foto nyingi za kansere zilikuwa na rula. Mashini ikaanza kuona rula kama alama ya kansere! Hakuna mutu aliyeifundisha vile. Ilijifunza yenyewe, kwa sababu haijui rula ni nini.

La pili ni la kuhama jimbo. Ile mashini iliyosoma foto za Costa Rica vizuri namna ile, walipotaka kuitumia na foto za telefone na za kamera nyingine, haikufaa sawa mbele. Watafuta-elimu wenyewe waliandika hivyo wazi, na walirudi kazini kuifundisha upya. Sasa wanaijaribu pamoja na wanganga wa inchi 9, na katikati yao ziko Tanzania, Malawi, Nigeria na Eswatini. Mupango wao ni huu: kwanza kipimo cha HPV, halafu, kwa mama mwenye kijidudu, muuguzi anapiga foto na mashini inamusaidia kuamua nani atunzwe mbele.

Umeona? Kama wamama wa Afrika hawako katika foto ambazo mashini inajifunza, siku itakapofika kwetu itatuangalia sawa mugeni anayeangalia uyoga wa pori asilolijua.

6. HABARI ZA MWILI WAKO NI ZAKO

Yule mama anayeogopa foto, tunamusikia. Ana haki ya kuuliza.

Mwaka 1951, katika muji wa Baltimore, Marekani, mama mumoja mweusi wa watoto watano, Henrietta Lacks, alitunzwa kansere ya mulango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins. Wanganga walikata kipande kidogo cha kansere yake na kukipeleka labo. Hawakumuuliza. Alikufa mwaka uleule, akiwa na miaka 31. Lakini chembe zake hazikufa: ziliendelea kuongezeka katika labo, zikatumwa dunia yote, na mpaka leo zinasaidia kutafuta dawa na chanjo. Jamaa yake walikaa miaka zaidi ya 20 bila kujua. Chembe zake zimeponya watu wengi, ndiyo. Lakini kutomuuliza kulikuwa kosa, na dunia imejifunza kutokana na kosa lile.

Kwa hiyo, kama mutu anataka kutumia foto yako ao fishi yako kwa kazi ya elimu:

– Akuulize mbele, katika luga unayoielewa, na akupe nafasi ya kufikiri.
– Akueleze foto itaenda wapi na itafanya kazi gani. Foto ya mulango wa kizazi haionyeshe uso. Jina lako linapaswa kuondolewa na kuwekwa namba.
– Una ruhusa ya kusema hapana. Ukisema hapana, utapimwa na kutunzwa sawasawa na wengine.
– Ukisema ndiyo, hiyo ni zawadi yako kwa binti za wengine, sawa vile wamama wa Guanacaste walivyofanya.

7. MAULIZO YA WAMAMA

«Je, ningoje mpaka mashini ifike hapa kwetu?»
Hapana, mama. Kidonda hakingoji. Kinachoonekana leo kwa siki kinaweza kutunzwa leo. Miaka unayongoja ndiyo miaka kinayotumia kukua.

«Mashini itachukua pahali pa munganga?»
Hapana. Mashini inasema: «Hii inafanana na mbaya.» Anayekueleza, anayekutunza, anayekushika mukono ukiogopa, ni mutu. Na mashini ikikosea, mutu ndiye anapaswa kuona kosa.

«Mashini ao muuguzi akisema niko muzima, imekwisha?»
Hapana. Umekuwa muzima siku ile. Rudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye fishi yako.

«Niko na haya.»
Haya si zambi. Mwambie muuguzi, uombe mwanamuke mwenzako akupime. Uliza pia kama kuna kile kipimo cha HPV cha kujipima mwenyewe. Ni haya ya dakika chache.

«Bwana wangu anakataa.»
Mulete kliniki, tutaongea naye. Ao umusomee kipande cha kwanza cha karatasi hii. Mwanamume hapendi kubaki na watoto bila mama yao.

8. UKUMBUKE

1. Mwanamuke wa miaka 30 na zaidi apimwe hata kama hasikii maumivu. Mama mwenye virusi vya ukimwi aanze na miaka 25.
2. Ukipimwa kwa siki na ukawa muzima, rudi nyuma ya miaka 3. Mama mwenye virusi vya ukimwi afuate tarehe ya karibu zaidi atakayopewa.
3. Ukiona damu isiyo ya mwezi, ao damu nyuma ya kulala na bwana, ao damu wakati umekwisha kuacha kuona mwezi, ao maji ya harufu mbaya, usingoje tarehe. Kuja mara moja.
4. Ukiambiwa kurudi kuchukua jibu, urudi. Jibu lililobaki katika sanduku la labo halikusaidii.
5. Chunga fishi yako. Uiweke katika mufuko wa plastiki, pamoja na karatasi za watoto, mbali na mvua na panya. Ukihama, uende nayo.
6. Chanjo ya HPV ni kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Ukisikia imefika pahali penu, peleka binti yako.

Fikiri juu ya wamama wawili jirani. Mumoja alisikia habari ya mashini, akasema: «Nitangoja.» Wa pili alisikia habari ileile, akafunga kitambaa, akaja kliniki na siki ikaonyesha peupe padogo. Walipaunguza, alirudi shambani. Nyuma ya miaka kumi, mashini ikifika, itamukuta nani muzima?

Mungu alitupa akili, na watu wanaitumia kutengeneza vyombo vya kushangaza. Tunashukuru. Lakini hata mashini ya akili kupita zote haiwezi kuona mama aliyebaki nyumbani. Ukuje na fishi yako, na umulete na jirani.